Nyumba, uzee na jikoni: kugawa mshahara mmoja kwa mambo matatu

Maswali yanayonifikia ni yaleyale, yanabadilisha nguo tu. "Nina mkopo wa nyumba na kila mwezi ninabakiwa na kidogo. Nimalize mkopo haraka au niongeze pensheni?" "Mwenza wangu anataka tulipe zaidi benki, mimi naona watoto wanabanwa." "Nimepata bonasi, niipeleke wapi?" Nimechoka kujibu vipande vipande. Huu hapa mpangilio mzima, kama ambavyo ningeufuata mwenyewe ningekuwa naanza leo.

Shika jambo moja kabla ya hesabu yoyote: fedha hizi tatu hazitofautiani kwa faida tu, zinatofautiana kwa urahisi wa kurudi. Hela iliyoingia ukutani haibanduki. Iliyoingia kwenye pensheni imefungiwa mpaka umri fulani. Ya matumizi iko mkononi, lakini kesho haipo. Kwa hiyo hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuanza na hela unayoweza kuihitaji ghafla, na kuishia na ile ambayo ukishaitoa umeitoa.

Mifano yote nimeiweka kwa namba tupu, bila jina la fedha. Weka sarafu yako.

Kusanya hivi kwanza

- Taarifa ya mkopo ya karibuni kabisa: salio, kiwango cha riba, miezi iliyobaki.
- Mkataba wenyewe wa mkopo, si kipeperushi ulichopewa siku ya kwanza.
- Hati za mshahara za miezi mitatu. Kama kipato chako hupanda na kushuka, chukua miezi 12.
- Taarifa ya pensheni inayoonyesha unachokatwa, anachoongeza mwajiri na ada wanazotoza.
- Rekodi ya matumizi ya miezi mitatu, hata kama ni ujumbe wa simu na risiti zilizokunjamana.
- Mwenza wako, akiwa ameshiba na hana pa kukimbilia. Sitanii. Mpango uliotungwa na mmoja huvunjwa na wa pili ndani ya miezi miwili.

Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua zenyewe

1. Andika matumizi yalivyo, si unavyotamani yawe.

Gawa mafungu mawili. La kwanza ni la kila mwezi: chakula, usafiri, umeme na maji, rejesho la mkopo. La pili ndilo linalowaangusha wengi, yaani matumizi yanayokuja mara moja au mbili kwa mwaka: ada za shule, bima, matengenezo ya nyumba, sikukuu, safari ya kwenda kuwaona wazazi. Jumlisha yote ya mwaka, gawanya kwa 12, na kiasi hicho kihesabu kama bili ya kila mwezi. Kifungulie akaunti yake.

Mtu akiniambia "mwezi wa ada ulitokea dharura", huwa namuuliza kama mwezi huo haukuwepo kwenye kalenda ya mwaka jana. Ada si dharura.

Weka pia fungu dogo la raha. Familia isiyo na fungu la raha huchota kwenye fungu jingine, na hapo hesabu zote zinakuwa za uongo.

2. Weka akiba ya mwezi mmoja mahali unapoweza kuifikia.

Usipeleke hata senti ya ziada benki kabla ya hili. Mwezi mmoja wa matumizi ya lazima, rejesho la mkopo likiwemo, kwenye akaunti isiyo na masharti ya kufungwa muda.

Hapa nina kovu langu. Mwaka mmoja nilipata malipo ya mkupuo nikayapeleka yote kwenye mkopo, nikatembea kifua mbele. Baada ya wiki chache paa likaanza kuvuja. Nikarudi kwa mkopeshaji kuomba sehemu ya hela yangu, nikaambiwa nijaze fomu ya mkopo mpya. Niliishia kukopa kwingine kwa riba karibu mara mbili ya ile niliyokuwa najisifu kuikwepa.

3. Chukua mchango wote wa mwajiri kwenye pensheni.

Baadhi ya waajiri huongeza mchango wao kulingana na unachoweka wewe, hadi kikomo fulani. Ukiweka 100 naye akaongeza 50, umepata asilimia 50 papo hapo. Hakuna mkopo wa nyumba wenye riba ya kushindana na hiyo. Weka mpaka kikomo cha kupata nyongeza yote, kisha simama. Zaidi ya hapo tutarudi kwenye hatua ya 7.

Uliza maswali mawili ofisini. Kwanza, mchango wa mwajiri unakuwa wako lini? Baadhi ya mipango inakutaka utimize muda kazini, ukiondoka mapema sehemu yake inabaki. Pili, jina la mnufaika uliloandika, yaani atakayelipwa ukifariki, ni la nani? Watu wameoa, wameachana, wamezaa watoto watatu, na fomu bado ina jina lililoandikwa siku ya kuajiriwa.

Kama mwajiri wako haongezi chochote juu ya makato ya kisheria, au umejiajiri, ruka hatua hii.

4. Maliza madeni ghali.

Mikopo ya simu, kadi, mikopo ya haraka, vitu vya kulipa kidogo kidogo dukani. Yapange kwa kiwango cha riba, si kwa ukubwa wa deni, na anza na lenye riba kubwa. Kulipa zaidi mkopo wa nyumba wa asilimia 9 huku una deni la asilimia 25 ni kuziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

5. Kuza akiba ya dharura ifike miezi mitatu hadi sita.

Mitatu inatosha kama wawili mnafanya kazi na ajira zenu hazitegemeani. Sita kama mshahara ni mmoja, kazi ni ya mkataba, au nyote mnalipwa na mwajiri mmoja. Hilo la mwisho watu hulisahau: akitetereka mwajiri, mmeanguka wote siku moja.

6. Soma mkataba wa mkopo, kipengele kwa kipengele.

Usilipe ziada kabla ya kupata majibu ya haya:

*Riba inahesabiwaje?* Ikiwa ni juu ya salio linalopungua, ziada yako inafanya kazi. Ikiwa ilihesabiwa mara moja juu ya mkopo wote wa mwanzo, ikagawanywa kwa miezi, huenda kulipa mapema kusikuokolee chochote. Katika hali hiyo funga ukurasa huu wa mkopo, peleka hela kwingine.

*Kuna ada ya kulipa mapema?* Usiogope neno ada kabla ya kupiga hesabu. Tuseme ni asilimia 2 ya kiasi cha ziada na riba yako ni asilimia 9. Ukilipa 1,000 unatozwa 20, lakini unaokoa riba ya 7.5 kila mwezi. Ada imejilipa kabla ya mwezi wa tatu kuisha. Hesabu inageuka pale mkopo unapobakiza miezi michache, au ada inapotozwa juu ya salio lote. Angalia pia kama kuna kiasi unachoruhusiwa kulipa kila mwaka bila kutozwa.

*Ziada inapunguza nini?* Unaweza kupunguza muda ukabaki na rejesho lilelile, au kupunguza rejesho ukabaki na muda uleule. Kupunguza muda ndiko kunakookoa riba nyingi. Mimi hupendelea njia ya tatu kama mkopeshaji anairuhusu: rejesho rasmi lishuke, lakini wewe uendelee kulipa kiasi cha zamani kwa hiari. Mkopo unaisha mapema vilevile, na mwezi mbaya ukija una haki ya kulipa kile kidogo bila kuomba radhi kwa mtu.

*Kuna akaunti iliyofungamanishwa na mkopo?* Baadhi ya wakopeshaji hukuruhusu kuweka akiba kwenye akaunti inayopunguza salio la kuhesabia riba, huku hela ikibaki yako ya kutoa. Ukiipata kwa masharti mazuri, weka humo akiba yako ya hatua ya 5.

7. Gawa kinachobaki.

Sasa ndipo swali mlilokuja nalo linapojibiwa. Chukua mkopo wa 100,000 kwa riba ya asilimia 9 na miaka 20. Rejesho ni takriban 900 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 750 inaliwa na riba na deni lenyewe linapungua kwa 150 tu. Mpaka unamaliza umelipa riba ya karibu 116,000, zaidi ya mkopo wenyewe.

Ongeza 100 kila mwezi tangu mwanzo. Mkopo unaisha kwa takriban miaka 15 na nusu, na riba unayookoa inazidi 30,000.

Wakati nao una uzito. 1,000 ya ziada ikilipwa mwanzoni mwa mkopo huo inaokoa riba ya karibu 4,900. 1,000 hiyohiyo ikilipwa ikiwa imebaki miaka 5, inaokoa kama 560. Kwa hiyo anayesema "nitaanza kulipa ziada mambo yakitulia" ajue kwamba anasubiri kipindi ambacho ziada haina makali tena.

Pensheni nayo hupenda kuanza mapema, na hapo ndipo penye mvutano. Weka 100 kila mwezi kwa miaka 20 kwenye mfuko unaokua kwa asilimia 7 kwa mwaka, unapata takriban 52,000. Kwa miaka 30, takriban 122,000. Miaka 10 ya nyongeza imeongeza zaidi ya mara mbili. Ila asilimia 7 ni dhana yangu ya mfano, hakuna aliyekuahidi, na mfumuko wa bei utakula sehemu. Riba unayookoa kwenye mkopo ni ya uhakika, ya pensheni ni ya matarajio.

Kisha kodi. Pale ambapo mchango wa pensheni hukatwa kabla ya kodi na wewe unatozwa asilimia 30, 100 ya mkononi mwako inakuwa takriban 143 ndani ya mfuko. Hiyo ni nyongeza kubwa kabla ya ukuaji wowote. Lakini uliza pia kama mafao yatatozwa kodi wakati wa kuyatoa, na kikomo cha mchango unaosamehewa. Kwingine riba ya mkopo wa nyumba nayo hupunguziwa kodi, na hilo linaifanya riba yako halisi iwe ndogo kuliko iliyoandikwa.

Baada ya hapo mimi hutumia kanuni hii, nayo ni maoni yangu tu:

- Riba ya mkopo ikizidi ukuaji unaoutarajia kwenye pensheni baada ya ada na kodi, sehemu kubwa iende kwenye mkopo.
- Ikiwa chini yake, sehemu kubwa iende pensheni, hasa kama una zaidi ya miaka 15 kabla ya kustaafu.
- Zikikaribiana, gawa nusu kwa nusu na ulale. Tofauti ni ndogo kuliko gharama ya kubishana mwaka mzima.

Tuione familia moja ya mfano. Wanapokea 3,000 baada ya makato. Rejesho 900, matumizi ya mwezi 1,500, fungu la mwaka 250. Inabaki 350. Kupata nyongeza yote ya mwajiri kunawagharimu 120, inabaki 230. Akiba yao ni 6,000 na wanataka miezi mitatu, yaani 7,950. Wanaweka 200 kwa miezi 10, na 30 ni ya raha. Akiba ikijaa, 230 inagawika hivi: 100 mkopo, 80 pensheni, 50 inarudi nyumbani. Ndiyo, inarudi nyumbani. Wamejibana miezi 10, watoto nao wana haki ya kuona kwamba kuna kilichobadilika.

8. Tuma ziada kwa maandishi.

Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko yote: mtu anatuma ziada, mkopeshaji anaihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililowahi. Deni la msingi, yaani kiasi ulichokopa bila riba, halijaguswa. Andika barua au ujumbe rasmi useme wazi kwamba kiasi hicho kipunguze deni la msingi, na useme umechagua muda upungue au rejesho lishuke. Hifadhi nakala. Taarifa inayofuata ikifika, linganisha salio na hesabu yako.

Weka agizo la kudumu benki liende siku moja baada ya mshahara. Ukisubiri mwisho wa mwezi uone kilichobaki, utaona hakuna kilichobaki.

9. Pitia upya mara moja kwa mwaka, na riba inapobadilika.

Nusu saa inatosha. Mshahara ukipanda, gawa nyongeza siku hiyohiyo kabla haijazoeleka: mimi hupeleka nusu kwenye mkopo na pensheni, nusu nyumbani. Kagua pia ada za mfuko. Kwa mfano wetu wa 100 kwa mwezi na miaka 30, ada inayoshusha ukuaji kutoka asilimia 7 hadi 6 inakuondolea zaidi ya 21,000 mwishoni. Ni asilimia moja tu, wanakwambia.

Makosa yanayorudiwa

Kuhesabu nyumba kuwa ndiyo pensheni. Nyumba unayoishi haikulipi kila mwezi. Ili ikulishe lazima uiuze, uipangishe au uikopee, na kila moja ina maumivu yake uzeeni.

Kuacha kabisa pensheni "mpaka nimalize nyumba". Ukimaliza una miaka 50 na kitu, umepoteza ile miaka inayozaa.

Kulipa ziada huku bima ya afya imekatika. Hili sina la kuliongezea.

Kushindana na jirani aliyemaliza mkopo wake kwa miaka 7. Hujui alirithi nini.

Mambo yakikwama

*Nimelipa ziada lakini salio halijapungua.* Rudi hatua ya 8. Omba mchanganuo wa malipo unaoonyesha riba, deni la msingi na ada kwa kila tarehe. Kama imewekwa kama malipo ya kabla, omba irekebishwe kuanzia siku uliyoilipa, si siku uliyolalamika.

*Riba imepanda ghafla.* Kwenye mkopo wetu wa mfano, kutoka asilimia 9 hadi 11 mwanzoni mwa mkopo kunapandisha rejesho kutoka 900 hadi karibu 1,032. Anza kwa kusimamisha ziada ya hiari, si chakula na si akiba. Uliza kama unaweza kuhamia riba isiyobadilika, na gharama ya kuhama.

*Kipato changu hakitabiriki.* Panga maisha kwa mwezi mdogo kuliko yote kati ya 12. Miezi mizuri ijaze kwanza akiba mpaka miezi sita, na ziada ya mkopo ulipe kwa mkupuo mara moja au mbili kwa mwaka ukishaona mwaka umeendaje.

*Mwenza hataki kulipa ziada, anasema tunaishi mara moja.* Usimpe mahubiri, mpe namba mbili: mkopo unaisha mwaka gani bila ziada, na mwaka gani ukiwa na ziada, na mtoto wa kwanza atakuwa na umri gani. Kisha muulize fungu la raha liwe kiasi gani, mkiandike, mkiheshimu. Mara nyingi anayepinga hapingi mkopo, anapinga kutoulizwa.

*Nimepoteza kazi.* Ongea na mkopeshaji kabla ya rejesho la kwanza kukosekana. Kabla hujachelewa una nafasi kubwa zaidi ya kupata unafuu, iwe kurefusha muda au kulipa riba tu kwa kipindi. Uliza kama ziada ulizolipa zamani zinaweza kukusitiri kwa miezi kadhaa. Baadhi ya mikataba inaruhusu.

*Nimebakiza miaka 10 kustaafu na mkopo una 15.* Kwa riba ya asilimia 9, kumaliza kwa miaka 10 badala ya 15 kunahitaji rejesho kubwa zaidi kwa takriban robo. Kama rejesho ni 1,000, tafuta 250. Usipoipata yote, kokotoa salio litakalokuwepo siku ya kustaafu, kisha tazama kama sehemu ya mafao ya mkupuo inalifuta na bado ukabaki na pensheni ya kula. Ikiwa hesabu haifiki, zungumza mapema kuhusu kuhamia nyumba ndogo, wakati bado una mshahara na muda wa kuchagua mnunuzi.